Mjomba ana santuri, mimi nina simu

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 23, naishi Mwanza. Nasikiliza muziki kutwa kwenye simu, ila wimbo mmoja mmoja: Bongo Fleva huu, wa Kinaijeria ule, rumba ya zamani kidogo, kisha naruka. Mjomba wangu ana santuri na kaseti za tangu ujana wake, na ananicheka. Anasema asiyekaa na albamu kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho hasikilizi muziki, anaonjaonja tu kama mtu anayepitapita jikoni kwenye shughuli. Nimejaribu mara tatu. Nikifika wimbo wa nne usingizi unanichukua. Kuna kitu ninakikosa kweli, au ni wazee tu na mambo yao ya zamani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Miaka mingi nilikuwa fundi mitambo redioni, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuhamisha santuri na kanda za watu kuziingiza kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza. Kwa hiyo ugonjwa wa mjomba wako naujua, na mimi ninao. Lakini katika hili amechanganya mambo mawili. Kipo kitu unakikosa, ila sicho anachokutajia.

Siku ukienda kwake, mwombe akutolee hizo santuri uzitazame ukubwa. Nitashangaa kama nyingi hazitakuwa zile ndogo za inchi 7, zinazozunguka mara 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja unachukua dakika nne, ukizidi sana tano. Hizo ndizo zilizojaa madukani na kwenye mabaa ya Afrika Mashariki miaka ya sitini na sabini. Humo hamna albamu. Mna wimbo, basi. Mjomba wako alipokuwa na umri wako alikwenda dukani na hela yake, akanunua wimbo mmoja, akarudi nao nyumbani akaupiga mpaka majirani wakaukariri. Alichokuwa akikifanya kwa sindano ndicho unachokifanya kwa kidole.

Neno lenyewe, albamu, unalijua kutoka kwingine. Zamani kidogo ukienda ugenini, kabla soda haijaisha kwenye glasi umeshawekewa albamu ya picha magotini. Ya muziki ilianza hivyohivyo. Santuri za mwanzo, zile nzito za shelaki zilizozunguka mara 78 kwa dakika na kuvunjika kama kigae, zilibeba dakika tatu na kitu kwa upande. Muziki mrefu wa okestra za Ulaya ulihitaji sahani nne, tano, hata zaidi, na kampuni zikawa zinaziuza zimepangwa kwenye kitabu chenye mifuko, mfano wa kile cha picha. Kitabu hicho ndicho albamu. Mwaka 1948 Columbia ya Marekani ikatoa sahani ya inchi 12 inayozunguka polepole, mara 33 na theluthi kwa dakika, yenye uwezo wa kubeba dakika 20 na zaidi kila upande. Kitabu kizima kikaingia kwenye sahani moja, jina likabaki. Mwaka uliofuata washindani wao, RCA Victor, wakajibu kwa ile ndogo ya 45, na ndogo ndiyo iliyotufikia sisi wengi, maana bei yake mtu wa mshahara wa kawaida aliiweza.

Na hata kabla ya hapo tulishazoea kupimiwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alichokikuta huko ni sahani ya 78. Taarabu ni muziki wa kukaa kitako. Ubeti unakuja, fidla na udi vinajibu, msikilizaji anainuka kwenda kutunza, mwimbaji anarudia pale palipomchoma mtu. Sasa mwambie ana dakika tatu. Ni kumpimia mtu gunia la mchele kwa kijiko cha chai. Tunazishukuru sahani hizo, bila hizo sauti yake tusingekuwa nayo, lakini tusidanganyike kwamba zina muziki ule wote.

Mjomba wako huenda akaenda kabatini akatoka na sahani kubwa ya Mbaraka Mwinshehe iliyoandikwa Ukumbusho, akakwambia: hii hapa, albamu. Ni nzuri, mimi mwenyewe ninayo na siiazimishi. Ila Mbaraka alifariki Januari 1979, na mkusanyo ule umetoka baada ya yeye kuondoka, ukitumia nyimbo alizozitoa kwenye sahani ndogo miaka tofauti. Hakuupanga yeye. Kati ya wimbo wa tatu na wa nne hakuna siri aliyoificha. Ukisikiliza mmoja leo na mwingine Jumapili hujamkosea marehemu.

Sasa nije kwenye unachokikosa.

Nilipoanza kazi nilikuwa kijana wa kubeba sahani kutoka maktaba kwenda studio. Jioni moja mtangazaji alitoka kidogo, nikabaki na mashine peke yangu. Nikaweka 45 ya bendi moja ya Nairobi. Wimbo ukaenda vizuri, sauti tatu zinaimba kwa upole, mwanamume anamlalamikia mkewe, kisha gitaa la solo likaanza kubadilika, drams zikakaza, nikaanza kutikisa kichwa, na hapohapo sauti ikafifia ikaisha. Nikaingiza tangazo la sabuni. Simu ya studio ikalia. Mzee mmoja, bila hata salamu: "Wewe kijana, umetupakulia wali ukakimbia na mchuzi!" Akakata. Nikaenda kuitazama ile sahani. Kwenye karatasi ya katikati, chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo, imeandikwa ni sehemu ya 1. Nikaigeuza. Sehemu ya 2.

Wimbo wa dansi wa enzi zile, na rumba ya Kongo iliyouzaa, una miili miwili. Wa kwanza ni wa maneno: hadithi inasimuliwa taratibu, kiitikio kinarudi, watu wanacheza wameshikana. Wa pili ni wa magitaa. Wakongo wanauita sebene, kwetu wengi tunasema chemko. Hapo solo inakamata kipande kifupi inakizungusha, ridhimu inajibu, besi inatembea chini yao, saksafoni zinaingia kwa pamoja, mwimbaji amebaki kupiga kelele za kuwachangamsha wenzake na kutaja majina ya marafiki. Kwenye ukumbi chemko lingeweza kwenda robo saa kama watu wamekolea. Kwenye sahani ya 45 haikuwezekana, kwa hiyo wimbo ukakatwa katikati: maneno upande A, chemko upande B. Ukitaka kucheza unainuka kwenye kiti unaigeuza. Mtu wa kugeuza sahani kwenye sherehe alikuwa mtu muhimu, hanywi sana.

Nimewatazama vijana wakisikiliza nyimbo hizi kwenye simu, wakiwemo wanangu. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, gitaa linaanza kuchemka, wao wanasema maneno yameisha, kidole kinakwenda kwenye wimbo mwingine. Wameondoka pale hasa bendi ilipokuwa inafika. Wakati mwingine kosa si lao. Zipo nyimbo nyingi mtandaoni zilizowekwa upande A peke yake, na aliyeziweka hakujua kama kuna upande B, kama mimi siku ile. Nyingine zimeunganishwa. Hizo utazitambua kirahisi: dakika ya nne hivi sauti inazama, inakuwa kama redio iliyoingia kwenye handaki, kisha inaibuka tena na mlio umebadilika kidogo. Hapo ndipo sahani ilipogeuzwa. Mimi ninapohamisha sahani hizi kile kizamio sikifuti, ingawa wateja wengine wananiomba nikifute.

Kwa hiyo kabla hujajisumbua na albamu nzima, maliza kwanza wimbo mzima. Katika muziki wetu hicho ndicho kizima chenyewe. Franco wa Kongo na bendi yake, TPOK Jazz, walipopata nafasi ya sahani kubwa miaka ya themanini, hawakuijaza nyimbo kumi fupi. Walirefusha. Mario, ya 1985, inapita dakika kumi, na ukiikatiza njiani umesikia malalamiko ya mwanamke kwa kijana anayemlea, hujasikia muziki. Taarabu ya kisasa nayo ni hivyohivyo: albamu ilikuwa nyimbo tano au sita, kila mmoja mrefu kama safari ya kutoka stendi kuu hadi nyumbani kwenu, na katikati mwa wimbo kinanda na gitaa vinapewa uwanja wao. Ukiwaambia mashabiki wa taarabu kwamba hiyo ni albamu ya nyimbo tano tu, watakushangaa. Tano zinatosha kumaliza chakula na kuanza ugomvi.

Hata hivyo sitaki umrudie mjomba ukamwambie mtaalamu kakubali upande wako, maana zipo albamu ambazo anachokisema ni kweli tupu, na ziko karibu nawe kuliko unavyofikiri. Chukua moja ambayo nina hakika unaijua vipande vipande: Exodus ya Bob Marley na Wailers.

Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake Kingston wakampiga risasi. Risasi ilimkwaruza kifuani ikaingia mkononi. Mkewe Rita na meneja wake nao walijeruhiwa. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani na majeraha yake, kisha akaondoka Jamaika akaenda London, na albamu ikatoka Juni 1977. Ina nyimbo 10, dakika 37 na kidogo. Sasa sikiliza ilivyopangwa. Wimbo wa kwanza unaingia kutoka mbali. Sekunde za mwanzo husikii kitu karibu, utadhani simu imeshushwa sauti. Karibu kila mtu anaiongeza, halafu muziki unapofika inabidi aipunguze. Upande wote wa kwanza ni wa mtu aliyenusurika: kusengenywa, hatia ya waonevu, vita vya waovu, mpaka wimbo wa safari wenye jina la albamu, dakika saba na zaidi, unaofunga upande. Hapo unageuza sahani. Na upande wa pili ghafla ni kucheza, kusubiri penzi, kupunguza mwanga chumbani, ndege watatu mlangoni, na kumalizia na wimbo wa watu kuwa kitu kimoja.

Ule wimbo wa ndege watatu umeusikia kwenye matangazo, hotelini, kwenye harusi, pengine hata mlio wa simu ya mtu. Ni wimbo mtamu wa kumwambia mtu asiwe na wasiwasi. Peke yake nilikuwa nauona mwepesi, wa watoto. Siku niliyousikia mahali pake, baada ya dakika 20 za mtu aliyepigwa risasi nyumbani kwake, nilisimamisha kazi niliyokuwa naifanya. Anayesema usiwe na wasiwasi ni yule yule wa upande wa kwanza. Maneno hayajabadilika hata moja, uzito umebadilika wote. Na wengi hawatakaa waujue uzito huo, kwa sababu Marley tumemjua kupitia Legend, mkusanyo uliotoka 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake. Katika nyimbo zake 14, tano ni za Exodus, na nne kati ya hizo tano zimetoka upande wa pili. Tulichopewa ni faraja, maumivu yakabaki kwenye sahani.

Hivyo ndivyo ninavyoipima albamu: toa wimbo mmoja, rudi usikilize uliobaki baada yake. Wimbo huo ukibadilika, hiyo ni albamu. Usipobadilika, ni gunia, na gunia halina ubaya, unachomoa kiazi unachokitaka. Thriller ya Michael Jackson, 1982, ina nyimbo tisa na saba zilitolewa kama singo, yaani kila mmoja peke yake; kila moja inasimama kwa miguu yake, wala hupotezi kikubwa ukizisikiliza kwa fujo. A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz, 2018, ilibeba nyimbo kadhaa zilizokuwa zimeshatamba miaka ya nyuma. Ichukulie kama albamu ya picha ya familia, maana ndivyo ilivyo: huyu hapa mdogo, huyu hapa kakua. Halafu msikilize Marvin Gaye, What's Going On ya 1971, ambayo nyimbo zake zinaingiana, huu hauishi ule unaanza. Ukiiwekea kitufe cha kuchanganya nyimbo unasikia kabisa mahali ilipokatwa, kama kitambaa kilichochanwa kwa meno.

Kuhusu kumbukumbu ya mjomba wako: anaposema walikuwa wanasikiliza albamu nzima, hasemi uongo. Amesahau sababu tu. Ilikuwa kaseti. Kuruka wimbo kwenye kaseti ni kazi: unabonyeza, unabahatisha, umepitiliza, unarudi, na kila unaporudisha kanda betri zinaliwa. Betri zilikuwa ghali, tulizianika juani zipate uhai wa siku mbili zaidi, na kanda tukaizungusha kwa kalamu ya Bic kuokoa moto. Kwa hali hiyo hata wimbo usioupenda unausikiliza. Na hapo kulikuwa na faida ambayo hatukuiomba: ule wimbo wa nne upande B, uliokukera mwezi mzima, siku moja unajikuta unauimba bafuni. Nyimbo ninazozipenda kuliko zote leo nyingi ni za aina hiyo. Wewe una uhuru tusiokuwa nao, na uhuru huo ndio unaokunyima hizo. Wimbo unapewa sekunde kumi za kujitetea.

Wanamuziki wameliona hilo na wameanza kuandika kwa kuliogopa. Spotify, programu ya kusikilizia muziki mtandaoni iliyofika kwetu Februari 2021, inauhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Wa dakika mbili na wa dakika 12 hesabu yake ni moja. Sasa kwa nini prodyuza aweke utangulizi wa gitaa wa dakika nzima? Kiitikio kinasogezwa mbele, chemko linaondolewa, wimbo unaisha kabla hujakaa vizuri. Chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, nayo tangu Desemba 2014 inahesabu usikilizaji wa mtandaoni, ilianza kwa kuchukulia nyimbo kusikilizwa mara 1,500 kuwa sawa na kuuza albamu moja, na ukiwa na nyimbo 25 fupi una nafasi nyingi za kuokota kuliko mwenye nane ndefu. Mwenye taarabu ya dakika 12 hapo anacheza bao kwa kete zilizopungua. Wapo waliosumbuka angalau na mpangilio: Novemba 2021 mwimbaji Adele wa Uingereza aliiomba Spotify albamu zisianze kwa kuchanganywa, na kwa wanaolipia, kitufe kikubwa kwenye ukurasa wa albamu kikabadilishwa kikawa cha kupiga kwa mfuatano. Kwa hiyo ukiwa unalipia na usipogusa kitu, unapata mpangilio wa mwenyewe. Kuuvuruga ni uamuzi wako.

Na usingizi wako wa wimbo wa nne? Nina wasiwasi ulijaribu kitandani, usiku, simu kifuani. Hapo hata mimi ningelala. Sahani kubwa ilikuwa na mapumziko ndani yake: dakika 20, unainuka, unageuza, unatia maji kwenye glasi, unakaa tena. Simu haina upande B, uweke wewe. Sikiliza nusu ya nyimbo, simama, fanya jambo dogo, rudi. CD ndiyo iliyoliharibu hili, ilipokuja na dakika zake 74 mfululizo watu wakazijaza tu kwa sababu nafasi ipo, na albamu za miaka ile ya tisini nyingi zinachosha kuanzia katikati. Kusinzia humo si dhambi.

Mimi albamu nazisikilizia safarini au nikiwa na kazi ya mikono: kupiga pasi, kuchambua mchele, kuunganisha nyaya. Macho yana shughuli, masikio yako huru. Pakua kabla ukiwa na bando la kutosha ili isikatike njiani. Ingia kwenye mipangilio uzime kile kipengele kinachopandisha mwanzo wa wimbo juu ya mwisho wa mwingine, kinaua kimya ambacho watu walikipima. Anza na hiyo Exodus, kwa sababu nusu unaijua na hutapotea. Kisha uchukue wimbo mmoja wa dansi, mmoja tu, wenye sehemu zote mbili, na usiguse simu mpaka magitaa yenyewe yaamue kuacha. Ukiniuliza kipi kati ya hivyo viwili ni muhimu zaidi kwako, ni hicho cha pili.

Kisha uende kwa mjomba. Mwombe akuachie ugeuze sahani mwenyewe. Ishike kwa kingo na viganja, vidole visiguse mifereji, ipulize vumbi kwa mbali bila mate, na sindano ishuke taratibu pale pembeni kabisa kabla muziki haujaanza, pale inapokwaruza kidogo.